Wazee na Vijana Kazini: Nani Amuulize Nani?

Bwana Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maneno machache juu ya jambo ambalo wanafunzi wa Kidato cha Sita walilijadili katika mdahalo wao muhula huu, nalo ni hili: kwamba wazee maofisini wawapishe vijana. Wasemaji walisema kwa ufasaha, na upande wa vijana ukashinda kwa kura nyingi, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa karibu wapiga kura wote walikuwa hawajafika miaka ishirini na mmoja. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma nikisikiliza. Nina umri wa miaka arobaini. Msemaji mmoja aliposema "wazee hawa" alinyoosha kidole kuelekea safu ya walimu, nami nikageuka kutazama ni nani anayeonyeshwa. Nyuma yangu palikuwa na ukuta tu.

Tangu jioni ile nimekuwa nikilifikiri jambo hili, na leo sina budi kusema kwamba sikukubaliana na upande wowote. Upande mmoja ulisema vijana hawana adabu wala subira; upande wa pili ukasema wazee hawajui kompyuta na hawataki kujifunza. Maneno hayo ni ya zamani. Ondoa kompyuta uweke taipureta, utayasikia yale yale. Mimi naona ugomvi wenyewe hauko katika adabu wala katika mashine. Uko katika jambo dogo ambalo sisi watu wazima hulificha sana, yaani aibu ya kuuliza. Mzee huona haya kumwuliza kijana, kwa kuwa anadhani atashuka. Kijana huona haya kumwuliza mzee, kwa kuwa anadhani ataonekana hakusoma. Basi wote wawili hukaa kimya, na kazi huharibika katikati yao.

Nitasema juu ya kazi ninayoijua, ambayo ni ualimu. Wazazi mnaosoma jarida hili mtayakumbuka mengi, pengine kuliko mimi.

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma ikaazimia kwamba kufika mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Mwaka ule wa 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni moja na robo. Miaka ya themanini ilipoanza walikuwa wamekwisha kupita milioni tatu. Je, walimu wangetoka wapi? Vyuo havikutosha. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, maelfu kwa maelfu, wakapewa chaki. Walifundisha watoto huku wenyewe wakifundishwa, kwa masomo ya posta na ya redio na kwa msaada wa wakufunzi waliowazungukia. Mama yangu alikuwa mmoja wao, naye alikuwa na miaka kumi na saba. Walimu wakongwe, waliopita vyuoni kwa taratibu zote, waliwaita "walimu wa UPE", kisha wakazifumbua herufi hizo kwa dhihaka: Ualimu Pasipo Elimu. Mama alifundisha kwa miaka arobaini na zaidi, akajiendeleza mpaka stashahada, lakini jina lile lilimfuata hata siku ya kustaafu kwake, ambapo mgeni mmoja alilitaja katika hotuba akidhani anachekesha.

Miaka thelathini baada ya Musoma mambo yakajirudia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na shule za kata zikajengwa kila upande. Madarasa yalikuwapo, wanafunzi walikuwapo, walimu hawakuwapo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza Kidato cha Sita, ikawapa mafunzo ya majuma machache na leseni ya kufundisha, ikawatuma. Mimi nilikuwa mmoja wao, mwaka 2006. Watu walitutazama wakatupa jina la Voda Fasta, ambayo ilikuwa njia ya kuongeza salio la simu kwa haraka bila kukwangua kadi. Hata mama, ambaye alikuwa ameumizwa na jina lake kwa miaka mingi, alilicheka jina langu. Mimi nilicheka pia, lakini usiku sikulala vizuri.

Nasema haya ili wanafunzi wajue kwamba chumba cha walimu si mahali penye wazee wajuzi upande mmoja na vijana wajuzi upande wa pili. Mara nyingi ni mahali penye watu ambao nchi iliwaharakisha, kila kizazi kwa wakati wake, na kila mmoja ana pengo analolifunika kwa koti. Anayejua kwamba ana pengo huwa mwepesi wa kucheka pengo la mwenzake.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa katika wilaya ya Rungwe. Nilipewa Hesabu, Kidato cha Kwanza na cha Pili. Juma la tatu nikakwama ubaoni katika fumbo la hesabu mbele ya watoto sabini. Nikawaambia tutaendelea kesho, nikafuta ubao kwa haraka kama mtu aliyeona nyoka. Sasa, katika chumba cha walimu, meza yangu ilikuwa imeelekeana na meza ya mwalimu mmoja mzee aliyekuwa amefundisha Hesabu tangu kabla sijazaliwa. Alitunza maandalio yake katika karatasi zilizokuwa zimegeuka rangi ya majani makavu ya chai, nami na wenzangu vijana tulizoea kuzicheka karatasi zile. Ningeweza kumwuliza kwa dakika tano. Sikumwuliza. Jumamosi nilipanda gari nikaenda Mbeya mjini kumtafuta rafiki yangu aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, nikatumia nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha mchana, kutoka katika mshahara ambao ulikuwa bado haujaanza kulipwa.

Muhula ulipokaribia kwisha nikagundua kwamba mzee yule alijua habari zote. Watoto walikuwa wakimpelekea madaftari yao jioni. Nilipata ujasiri nikamwuliza kwa nini hakuniambia neno. Akanijibu kwamba alikuwa akingoja nimwulize, kwa maana kumfundisha mtu mzima asiyekuomba ni kumdharau. Mimi nami, kusema kweli, nilikuwa nikingoja anifundishe bila kuombwa. Tulingojana muhula mzima, na watoto sabini walikuwa katikati.

Basi mtu angedhani kwamba baada ya hayo nilipata akili. Sikupata. Mwaka 2022 nilikuwa mwalimu wa taaluma katika shule nyingine. Zamani matokeo ya muhula tuliyaandika katika daftari kubwa kwa mkono. Sasa yalitakiwa yaingizwe katika jedwali la kompyuta, kisha yachapwe na kupelekwa kwa wazazi. Nilijifunza mwenyewe, usiku, mlango umefungwa. Katika mkutano wa walimu kijana mmoja alijitolea kutufundisha wote, nami nikasema kwa mzaha kwamba yai halimfundishi kuku. Watu wakacheka sana. Mwalimu mmoja wa kike, ambaye alikuwa ameajiriwa mwaka ule ule, alicheka pamoja nao.

Jumatatu nikayapanga majina ya Kidato cha Pili kwa mfuatano wa alfabeti. Majina yakapangika; alama zikabaki mahali pale pale zilipokuwa. Kwa maneno mengine, kila mtoto akapata alama za mtoto mwingine. Sikuona. Jumatano ripoti zikaenda kwa wazazi. Jumatatu iliyofuata mzazi mmoja akafika shuleni tangu asubuhi, ametoka mbali, ameshika karatasi. Mwanawe alikuwa wa pili katika darasa muhula uliotangulia, sasa ameandikwa wa themanini na tatu. Mzee yule hakuja kugombana. Alikuja kuuliza mwanawe amepatwa na nini. Alisema kwamba amekwisha kumchapa, lakini mtoto hakukiri chochote, na hilo ndilo lililomtia shaka.

Tulipoichunguza kazi, yule mwalimu wa kike akasema kwamba yeye aliliona kosa siku ile ile ya Jumatatu, nakala ilipobandikwa katika chumba cha walimu. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akainamisha kichwa akasema, "Shikamoo yangu umeipokea vizuri kila siku, mwalimu, ila ulisema yai halimfundishi kuku." Hakusema kwa jeuri. Nadhani ningeona nafuu kama angesema kwa jeuri.

Nilimwomba radhi yule mzazi, na mtoto nilimwomba radhi mbele ya darasa zima, kwa kuwa aibu yake ilikuwa ya darasa zima. Ripoti zote zilichapwa upya. Lakini fimbo haichapwi upya. Kila ninapomsikia mwenzangu akisema katika mkutano kwamba vijana wa siku hizi hawana heshima, hukumbuka kwamba kijana yule alikuwa na heshima nyingi mno, na heshima ile ndiyo iliyomfunga mdomo.

Vijana nao wasidhani kwamba nawasifu. Katika shule ile ile alikuwapo mhudumu mmoja mzee, mtu wa bomba na paa na vitasa. Mkuu wa Shule alikuwa kijana, na walimu wengi vijana, na mambo yote ya shule yalikuwa yakipitishwa katika kundi la WhatsApp. Mzee yule simu yake ilikuwa ya kitochi. Kila alipotaka kueleza jambo alianza na habari za mwaka fulani na mvua fulani, na vijana wakatazamana wakitabasamu. Akafika miaka sitini, akapewa zawadi ya godoro na maneno mazuri, akaenda kwao. Hati ya makabidhiano aliisaini: funguo kadhaa, nyundo, ngazi moja. Baada ya miezi miwili bomba kubwa likapasuka chini ya ardhi. Hakuna aliyejua koki ya kufungia imefukiwa wapi. Maji yalimwagika usiku na mchana mpaka alipopatikana kwa simu ya jirani yake, akasema: "Ipo chini ya ule mti wa mwembe uliokatwa." Mti wenyewe ulikuwa umekatwa kabla hata mmoja wetu hajafika pale. Hicho ndicho alichokuwa akijaribu kutueleza alipoanza na habari za mwaka fulani.

Huko Rungwe niliwahi kusimuliwa desturi ya zamani ya Wanyakyusa iitwayo ubusoka. Kwa desturi yao vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa ya baba kuwakabidhi wana wao uongozi wa nchi. Mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa kati yao miaka ya 1930, aliieleza katika kitabu chake Good Company kilichotoka mwaka 1951. Sisemi turudi huko, wala sidhani kwamba wazee wa wakati ule waliachia kwa furaha zaidi kuliko wa leo. Ninalolipenda ni kwamba kulikuwa na siku, na siku ile ilijulikana kwa wote. Sisi makabidhiano yetu ni karatasi yenye hesabu ya funguo.

Sasa niseme juu ya fedha, ambayo wasemaji wetu wa mdahalo waliipita kwa mbali kama watu wanaopita karibu na mzinga. Mwalimu mwenye cheti huanza kazi katika ngazi ya mshahara TGTS B, mwenye stashahada huanza C, na mwenye shahada huanza D. Basi kijana atokaye chuo kikuu, wa miaka ishirini na minne, huanza mahali ambapo mwenye cheti amepapanda kwa miaka mingi. Hilo lina haki yake, kwa kuwa elimu nayo ni kazi iliyofanywa. Lakini mtu akiniambia kwamba halimchomi mzee ambaye ndiye aliyemfundisha kijana yule kusoma, nitamwambia hajakaa katika chumba cha walimu siku ya mshahara. Kwa upande wa pili, kijana humwona mzee akilipwa sana kwa ajili ya miaka tu, hali yeye ndiye anayebebeshwa vipindi vingi, zamu nyingi na michezo yote ya jioni. Hayo nayo ni kweli. Mkuu wa Shule mwenye haki angeanza na ratiba kabla hajahubiri upendo.

Tena kuna habari ya kustaafu. Sheria yetu humruhusu mtumishi wa umma kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na humlazimisha akifika 60. Vijana wetu katika mdahalo walisema kwamba wazee wanakalia viti ambavyo vingekuwa vyao. Napenda wafikiri tena. Ni kweli kwamba maelfu ya vijana waliohitimu ualimu wako nyumbani wakingoja ajira. Lakini ni kweli pia kwamba shule nyingi hazina walimu wa kutosha, hasa wa Hesabu na Sayansi. Viti vitupu vipo tayari, ila havina kibali cha ajira wala fungu la mshahara. Hata tukiwaondoa wote wenye miaka hamsini kesho asubuhi, tutakuwa tumeongeza viti vitupu tu. Kijana asimkasirikie jirani yake wa meza kwa jambo linaloamuliwa katika bajeti.

Na wazee wakati wa chai huzungumza kikokotoo, vijana wakaondoka kwa kuchoka. Natamani wangekaa. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba malipo ya mkupuo ya mstaafu yatakuwa asilimia 25, na Desemba mwaka ule ule jambo hilo likasimamishwa. Julai 2022 ikawa asilimia 33. Na bajeti ya 2024/25 ikaipandisha hadi 40 kwa wale ambao zamani kundi lao lilikuwa likipata 50. Mtu aliyepiga hesabu ya kujenga nyumba kwa nusu, kisha akaona nusu inapungua na kupanda na kupungua, huwa mkali kwa mambo madogo. Huenda ule ukali alioufanya kijana kwa ajili ya chaki haukuwa wa chaki.

Liko neno moja zaidi, juu ya wakuu vijana. Nawahurumia. Asubuhi Mkuu wa Shule mwenye miaka thelathini na mitatu humwamkia dereva wake "Shikamoo, mzee", na saa nne yampasa amwandikie barua ya kujieleza kwa kuchelewa. Wengine hushindwa, wakaacha kazi iharibike kwa kuogopa mvi. Wengine huacha kuamkia, wakidhani kwamba cheo kinafuta umri. Nimemwona mmoja tu aliyeweza yote mawili, naye siri yake ilikuwa nyepesi: aliamkia, kisha akaenda mwenyewe kwa miguu mpaka gereji, akampa mzee barua kwa mkono wake wakiwa wawili tu, na kumsomea. Hakumtuma mtu. Yule dereva hakuchelewa tena, wala hakumchukia.

Nimeulizwa na mwenyekiti wa mdahalo nifanye mapendekezo. Sina mengi. Katika mikutano yetu ya walimu napenda mwenye siku chache kazini aseme kwanza, kabla wakubwa hawajatoa rai zao, kwa kuwa baada ya hapo hatathubutu. Anayekaribia kustaafu apewe muhula wa mwisho usio na vipindi vingi, ili atembee na atakayeshika kazi yake, si kumpa funguo mlangoni. Na mimi, kwa nafsi yangu, nimekwisha kumwomba mwalimu wetu kijana wa kompyuta anifundishe kila Jumatano saa tisa, katika chumba cha walimu, mlango wazi, watu wakiona. Jumatano ya kwanza niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Ya pili, wazee wawili wakasogeza viti.

Jambo jingine limeanza, na hili si langu. Mhudumu wetu hapa shuleni, ambaye wanafunzi wote wanamfahamu kwa filimbi yake, amebakiwa na miezi minane. Nilimsimulia habari ya bomba na mwembe, akanyamaza kidogo, kisha akaomba apewe wanafunzi wawili wa Kidato cha Tano wenye mkono mzuri wa kuchora. Kila Jumamosi wanazunguka naye, yeye anaonyesha kwa fimbo, wao wanapima hatua na kuandika katika daftari: koki iko wapi, waya umepita wapi, shimo lipi lilifukiwa mwaka gani na kwa sababu gani. Anaanza na mvua ya mwaka fulani, nao wanaandika na mvua. Hadi Jumamosi iliyopita walikuwa wamefika nyuma ya jiko.